Mgongo kwa Mgongo na Mama Mkwe

Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilizijua njia za uchochoro za Kenya kuliko askari yeyote wa doria. Nasema Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi ya watu wengine. Nilikuwa karani katika ofisi za kampuni ya shaba, nina kinga yangu, ndivyo tunavyoiita baiskeli, na kutoka ofisini mpaka nyumbani kulikuwa na barabara moja iliyonyooka kama rula. Sikuipita. King'ora cha kampuni kilipolia saa ya kutoka, wenzangu walishuka moja kwa moja kwenda kula bukari, ugali wetu. Mimi nilianza kuzunguka: kushoto penye mafundi wa vitanda, kulia nyuma ya kanisa, chini kando ya mfereji, nikisimama kila kona na kuchungulia. Kwenye ile barabara iliyonyooka, mbele ya soko, nyuma ya meza ya samaki wakavu, alikaa mama mkwe wangu.

Hakuwa amenikosea kitu. Ilikuwa desturi tu. Watu wa mke wangu walitoka kusini, karibu na mpaka wa Zambia, na kwao mwanaume akioa, yeye na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hamtazami usoni, hali mbele yake, halali naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja lazima apinde. Anayepinda ni mkwe, kwa kuwa ndiye mwenye magoti mazima. Mambo yanakaa hivyo mpaka familia ya mwanamke imridhie huyo kijana. Hapo wanampikia, leo kidogo, kesho kidogo, na siku ya mwisho wanamwingiza nyumbani kwao kwa vyakula na nyimbo, na kuanzia hapo mama mkwe anakuwa mama tu. Kwa watu wa baba yangu, waliokuja na reli kutoka Kasai, haya hizo zipo pia, lakini mbuzi mmoja anazimaliza asubuhi moja. Nilipooa nilijitolea kupeleka mbuzi. Nikajibiwa kwamba mbuzi nimle mwenyewe, na nisubiri.

Kusubiri ndilo jambo ambalo sikuliweza hata nilipokuwa mtoto. Mapadri walionifundisha sekondari waliniweka kiti cha mwisho karibu na mlango, ili nikitoka nisisumbue wengine. Hata sasa, na miguu hii, wajukuu wangu wakiniwekea chai naizunguka mara kadhaa kabla ya kukaa. Mke wangu alisema kuishi nami ni kama kuishi na mtu ambaye teksi inamngoja nje.

Basi ikaja Jumapili moja. Mke wangu alikwenda Ruashi kumwangalia shangazi yake mgonjwa, nami nilibaki peke yangu nikihamisha viti. Binamu yake akapita, akaacha mlangoni chungu kilichofungwa kwa kitambaa, akasema kimetoka kwa mama, akaondoka haraka. Ndani kulikuwa na kuku aliyepikwa na karanga. Nilimla kwa heshima zote, mpaka kwenye mifupa. Kisha nikakiona kile chungu kimekaa mezani, kitu cha mtu mwingine ndani ya nyumba yangu, na sikuweza kutulia. Nikakisugua kwa sabuni mpaka kikang'aa, nikakifunga kwenye kinga, nikaenda kukiweka mlangoni pa ua wa mama mkwe, nikapiga kengele, nikakimbia kabla hajatoka. Nilijisifu njia nzima.

Mke wangu aliporudi jioni alikiona kitambaa.

"Nyungu iko wapi?"

"Nilisha kuirudisha."

"Na nini mu ndani?"

"Hapana kitu. Iko safi kabisa. Niliisukula."

Akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Ulisukula," akasema. "Mama anatuma nyungu ya kwanza ya kukuingiza, na weye unamurudishia upepo. Na unapangusa hata harufu."

Ndipo nikaelezwa. Chungu kile kilipaswa kukaa kwetu siku kadhaa, kisha kirudi na kitu ndani yake: kitenge, au kuku hai, hata chumvi tu kama hali ni ngumu. Kukirudisha kitupu ni kusema nimeshiba, msinipikie tena. Ningevumilia mpaka jioni tu, yeye angefika na kuniambia. Badala ya kuona aibu nilicheka. Nilimwambia kwamba mtu aliyesoma hawezi kupimwa kwa vyungu, na kwamba mama yake ataelewa. Nilisema hivyo kwa Kifaransa, ili iwe na uzito. Mke wangu akavua viatu, kimoja kimoja.

Chungu cha pili hakikuja. Mvua zikapita, baridi ya Juni ikaja na moto wa makaa ndani ya nyumba, na hakikuja. Nikazidi kuzunguka uchochoro. Kisha mke wangu akapata mimba, na mambo ambayo yalikuwa ya kuchekesha yakaacha kuchekesha. Yeye ndiye binti pekee wa mama yake. Kwao, mtoto wa kwanza anapokelewa na mikono ya bibi yake, na bibi anabaki na mzazi mpaka apate nguvu. Lakini mama mkwe hawezi kukanyaga nyumba ya mkwe ambaye hajaingizwa. Mke wangu alinieleza jambo hili mara moja tu, akipepeta unga, bila kunitazama.

"Mi siwezi kuzaa ku mikono ya bantu bengine. Utafute njia."

Nilikuwa na rafiki mmoja wa kumweleza mambo kama hayo, fundi wa kushona, mtoto wa Waislamu wa Maniema, mwenye kibanda cha mashini nyuma ya soko. Kibanda hicho ndicho nilichokitumia kama kituo cha upelelezi.

"Leo iko na nini?" nilimuuliza nikiingia, maana kwa nguo ya siku ndipo nilipomtambua mama mkwe kwa mbali.

"Kitenge ya manjano. Iko nauzisha, hatasimama sasa. Ingia. Lakini usiguse nguo ya bantu na ile mikono ya mafuta ya kinga."

"Nimupelekee kuku?"

"Kuku gani? Ulikula ya kwake, sasa unataka umurudishie ndugu yake?"

"Sasa nifanye nini?"

"Hama. Enda Kasapa, ku université, ukaikale na banafunzi. Kule hapana mama buko, kuko masomo tu. Si njo unapenda?"

Buko ni ukwe, na ndivyo tunavyoitana pande zote mbili. Tukiwa katika mazungumzo hayo siku moja, kivuli kikaziba mlango. Nikaingia chini ya meza ya kukatia, nikajifunika kitambaa cha mtu. Mama mkwe alikuwa amekuja kuongeza upindo wa sketi. Alikaa. Aliuliza habari za mke wa fundi, za watoto wa fundi, za bei ya uzi, za mguu wa mama yake fundi. Pua yangu ilijaa vumbi la pamba na goti moja likafa ganzi. Mwisho akasimama, akafika mlangoni.

"Fundi," akasema, "funika ile kinga yako vizuri kule inje. Magurudumu inaonekana."

Fundi hakuwa na kinga. Alingoja mpaka mama huyo afike mbali, kisha akaweka kichwa juu ya mashini akacheka mpaka machozi, nami chini ya meza nikatambua kwamba kwa muda wote ule wa kujificha, mtu niliyemkimbia alikuwa akiniona.

Hapo ndipo chama kilipoingia katika habari za familia yetu. Ilitangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atatembelea mji, na kila ofisi na kila soko litoe wachezaji wa animasyo. Kwa vijana wasioijua: animasyo ilikuwa nyimbo na ngoma za kukisifu chama, na siku hizo chama kilikuwa kimoja na sote tulikuwa wanachama, hata mtoto tumboni mwa mke wangu. Mtu angeweza kuwa karani mzuri miaka mingi, lakini kiuno kisichojua kuzunguka kingemletea maswali. Rafiki yangu alitushonea makarani abakosti, suti za siku hizo zisizo na tai, za rangi moja, zilizobana kwapani, na tukapelekwa kila alasiri kwenye uwanja wa mpira kufanya mazoezi.

Aliyetuongoza alikuwa kijana wa chama kutoka magharibi, mwenye Lingala nyingi, Kiswahili kidogo na filimbi. Alipanga mistari miwili inayotazamana. Mistari inakaribiana kwa ngoma, inafika karibu kabisa, viuno vinazunguka, inarudi nyuma, inakaribiana tena. Kwa kuwa mimi ni mrefu aliniweka katikati ya mstari wa wanaume. Siku ya kwanza mstari wa pili ulikuwa wa walimu. Siku iliyofuata walimu wakapelekwa kwingine, wakaletwa mama wa soko. Nilisikia vicheko vyao kabla sijawaona. Nikainua macho, na pale mbele yangu hasa, katikati ya mstari, palikuwa na kitenge cha manjano.

Sikufikiri. Nilipotambua nilikuwa karibu na goli, na filimbi ilikuwa inalia nyuma yangu.

"Citoyen," akasema kijana wa chama, yaani mwananchi, kama tulivyoitana sote siku hizo. "Unakimbia nini?"

"Sikimbie, chef. Niko narudi nyuma."

"Kurudi nyuma bado. Unakimbia nani?"

Nikaonyesha kwa kidevu, macho chini. "Pale iko mama buko yangu."

Mama wa soko walicheka hata wengine wakashikana ili wasianguke. Makarani wenzangu wakasogea mbali nami kidogo, kama watu wanaotaka kuona vizuri. Kijana wa chama hakucheka.

"Mu chama hakuna buko," akasema. "Kuko banachama tu. Rudi."

Nikarudi. Ngoma zikaanza. Niliweka macho kwenye vidole vya miguu yangu na kuomba ardhi ya uwanja ifunguke, ingawa ilikuwa ngumu kwa ukame. Mistari ikaanza kukaribiana. Na hapo mama mkwe akafanya jambo ambalo mimi, na masomo yangu, sikuwa nimeliwaza: akageuka. Akanipa mgongo, akaendelea kucheza, akija kinyumenyume. Mama wa kushoto kwake akamtazama, akageuka. Wa kulia akageuka. Mstari wote wa soko ukaja kinyumenyume ukiimba. Nami nikageuka, na makarani, ambao siku zote waliiga anachofanya mtu wa katikati, wakageuka wote.

Nilimwona kijana wa chama, maana sasa nilikuwa nimemgeukia yeye. Filimbi ilimtoka mdomoni. Nilidhani tumekwisha. Akapiga makofi.

"Muzuri," akasema. "Hiyo iko mupya. Tubakie na ile."

Tatizo la kucheza kinyumenyume ni kwamba hakuna anayejua mwisho uko wapi. Mimi nilikuwa karani mwembamba. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa mwili. Tulipogongana nilirushwa mbele, nikashika abakosti ya kiongozi wetu ili nisianguke.

Habari ilifika sokoni kabla yangu.

"Banasema ulimupiga mama buko," rafiki yangu akaniambia, bila kuinua mguu kwenye mashini.

"Nilimugusa tu."

"Na mukono?"

Nikaanza kuzungusha mkasi wake mezani.

"Na matako," akajijibu mwenyewe. "Mbele ya chama. Na alikuwa na sura ya Rais ku kitambaa ya kichwa. Weye ungehama wakati nilikuambia."

Mke wangu alicheka kwanza. Alicheka akishika tumbo, nami nikacheka naye, nikadhani tumepona. Kisha kicheko chake kikabadilika, akageukia ukutani. Usiku ule sikuhamisha viti.

Kesho yake nilirudi uwanjani kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mistari ikageuziana migongo, ngoma zikaanza, nyimbo zikapanda. Nilikuja kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, nikisikiliza. Tulipofika karibu, katikati ya sifa za chama, nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuza samaki.

"Ile nyungu. Ulisukula na sabuni gani?"

Mistari ikaachana. Hilo lilikuwa neno la kwanza mama mkwe kuniambia. Nilikuwa na safari nzima ya kwenda mbele na kurudi ya kutafuta jibu.

"Ya kampuni, mama," nilisema tulipokutana tena.

Tukaachana. Tukarudi.

"Njo maana inanuka mpaka leo."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hakuniona, sikumwona, na kelele zile zilifunika kila kitu. Haya haikuwa na mahali pa kushika. Kila wimbo ulitupa sentensi mbili tatu, na katikati ya sentensi tulitembea. Sijawahi kuwa na mazungumzo yaliyonitesa hivyo. Mtu anakuuliza, na wewe jibu lako limesimama mdomoni, na miguu yako inakupeleka mbali naye.

"Mutoto yangu anakula?"

"Anakula udongo, mama. Na anataka vinkubala," nilisema, wale viwavi wakavu wa porini.

"Nani anamupikia?"

"Mi."

"Njo maana banasema anakonda."

Siku nyingine nilijikaza. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima kutoka ofisini.

"Mama, mi sikujua mambo ya nyungu."

"Ku masomo mulikuwa munasoma nini?"

Tukaachana. Swali hilo lilinifaa. Nililitembeza mpaka mwisho wa uwanja na kulirudisha.

"Hatukusoma ile," nilisema. "Na nilicheka. Muke yangu alinieleza, mi nikacheka."

Mstari wake ulichelewa kidogo kuondoka. Sijui kama ni yeye aliyeuchelewesha.

Kila nilipotaka kuuliza swali lenyewe filimbi ililia, au mama wa jirani yake aliingiza neno lake, maana tulikuwa tumeshakuwa mchezo wa uwanja mzima, na makarani walianza kuimba taratibu zaidi ili wasikie. Mwishowe niliuliza kwa haraka, mgongo wangu ukiwa umefika kwenye mgongo wake.

"Utakuja, mama? Mutoto akizaliwa?"

Tukaachana. Tukarudi. Alikuwa anahema.

"Mi siwezi kuingia mu nyumba ya muntu hajaingia mu yangu."

"Basi uniingize."

"Angalia ye. Iko na haraka hata sasa." Kisha, hatua ya mwisho kabla ya kuachana: "Mukubwa apite. Kisha tutaona."

Nikampelekea mke wangu neno hilo nyumbani. Akahesabu kimoyomoyo, nikiona midomo yake, akasema inawezekana mkubwa akapita kabla. Alisema hivyo kama mtu anayezungumza na aliye tumboni. Nikamnunulia kitenge mama mkwe, nikamtafutia na kuku, tukaviweka tayari. Siku zile nilitaka mkubwa yule afike kuliko chama chenyewe kilivyotaka.

Siku yenyewe ilifika na jua. Tulisimamishwa tangu asubuhi kando ya barabara kubwa, tukicheza kila kulipoonekana vumbi, na kila mara vumbi lilikuwa la lori. Magari yote ya mji yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya sherehe. Alasiri, tukiwa katikati ya wimbo, nilimwona jirani yetu wa nyumbani, mwanamke aliyewahi kufanya kazi hospitalini, akipenya kati ya watu. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa soko, akamwambia mama mkwe neno sikioni. Mama mkwe alifunga kitenge chake vizuri, akavua malapa yake, akayashika mkononi, akatoka kwenye mstari.

Hakuna mtu aliyetoka kwenye mstari siku kama hiyo. Filimbi ililia. Hakugeuka.

Nami nilibaki. Nilibaki wimbo mmoja mzima. Nilijua habari ni ya mke wangu, isingekuwa nyingine, lakini nilikuwa na kazi na abakosti na jina langu mdomoni mwa yule kijana, na miguu yangu, ambayo haijawahi kukaa mahali, siku hiyo ilijua kukaa. Tuligeuka, nikaja kinyumenyume kama tulivyozoea, nikafika pale ambapo mgongo wake ungekuwepo. Hapakuwa na kitu. Nikakaribia kuanguka chali barabarani.

Nilitoka. Kijana wa chama akanishika mkono.

"Citoyen. Tena?"

"Mama buko amekimbia, chef."

"Sasa njo yeye anakimbia?"

"Ndiyo. Acha nimufuate."

Alikuwa bado anatafuta maneno wakati ving'ora vya pikipiki viliposikika kweli, akageuza kichwa, nami nikaenda kuchukua kinga.

Nilimpata njiani upesi. Alikuwa anatembea katikati ya barabara tupu, mzito, akiinama upande mmoja kwa sababu ya nyonga. Na hapo nikakwama. Mkwe hampiti mama mkwe njiani. Nikaingia barabara ya sambamba, nikakanyaga, nikatokea njia panda iliyofuata: yeye bado yuko nyuma. Nikajificha. Nikaenda tena, nikatokea, nikachungulia. Ningeweza kufika nyumbani mapema, lakini nyumbani hakuna aliyenihitaji mimi. Aliyehitajika alikuwa huyu, na alikuwa hafiki. Nilizunguka hivyo kumzunguka, jasho likilowesha abakosti ya rafiki yangu, mpaka nikatokea mahali fulani na kumkuta amesimama, ameegemea nguzo ya umeme, amenipa mgongo.

"Buko," akasema kwa nguzo. "Leta kinga."

"Mama, iko na kiti moja."

"Iko na nyuma."

Nikaisogeza nikitazama upande mwingine. Nilisikia spoku zikilia. Alikuwa amekaa kwenye kibebeo akitazama tulikotoka, na mgongo wake ukaegemea mgongo wangu, kama uwanjani.

"Barabara gani, mama?"

"Ile ya kunyooka. Unajua ingine?"

Tukapita Kenya nzima hivyo. Watu ambao hawakuchukuliwa kwenda kupunga mikono walitoka milangoni. Kinyozi alisimama na wembe hewani. Mbele ya soko rafiki yangu alikuwa kwenye mlango wa kibanda, tepu ya kupimia shingoni, na katika maisha yake yote hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiwa na mdomo wazi na hakuna kilichotoka. Mama mkwe alisema nisikimbize. Kisha, tulipokaribia, alisema nikimbize.

Alishuka kabla sijasimama vizuri, akaingia nyumbani kwangu bila kupunguza mwendo. Hakugonga mlango, hakupiga hodi.

Nilibaki uani nikizunguka nyumba. Kila nilipopita dirishani jirani yule alinifukuza kwa kitambaa. Nilisikia mke wangu akimwita mama yake, na mama akimjibu, na sauti zile mbili zilikuwa pamoja mle ndani, na sikutaka kitu kingine. Kisha ikaja ya tatu.

Baada ya muda mama mkwe alizungumza nyuma ya mlango.

"Mwanamuke. Iko na miguu yako, haitulie."

"Na mama yake?"

"Iko muzima. Ananicheka juu ya kinga." Nikasikia maji yakimiminwa. "Sasa weye kwenda."

"Wapi, mama?"

"Mi sijue. Mi niko humu mpaka apate nguvu. Mi na weye hatulale mu nyumba moja."

Hivyo ndivyo nilivyopata mtoto na kukosa nyumba siku moja. Nililala kwa rafiki yangu, juu ya marobota ya nguo, wiki baada ya wiki, naye alimwambia kila mteja kwamba nimehamishiwa hapo na chama. Ofisini hakuna aliyeniuliza kitu. Mkubwa, nilikuja kuambiwa, alipita na madirisha ya gari yamefungwa.

Waliniingiza mtoto alipokuwa anaanza kukaa. Walipika mno, waliimba, walinivuta mkono kupitia mlango ambao sikuwahi kuupita, wakanikalisha, na wakamkalisha mama mkwe mbele yangu. Nikaruhusiwa kumtazama. Alikuwa na uso mdogo kuliko nilivyotarajia, na alama ya kovu juu ya jicho. Naye alinitazama. Tulikula. Nilisema chakula ni kizuri, akasema asante. Aliuliza habari za ofisi; nikasema nzuri. Hatukuwa na kingine. Watu waliotuona uwanjani walianza kutazamana, na mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mama mkwe akavumilia mpaka nyama ilipokwisha. Kisha akashika kigoda chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta.

"Bon," akasema. "Ile siku ya kinga. Juu ya nini ulipitia mu ile shimo mbele ya kanisa, na ulikuwa unaiona?"

Nikageuza kiti changu nami, nikaanza kujitetea.